Sakafu yenye magaga

Nimezaliwa Mtoni kwa Azizi Ally, na adui wa mbao niliyemjua utotoni alikuwa maji. Masika yakiingia, mlango wa chumbani unavimba hadi haufungi. Baba anamwita fundi, fundi anapiga randa ubavuni, halafu ikifika Julai mlango uleule unacheza kwenye fremu. Kwamba hewa inaweza kuwa kavu kiasi cha kuharibu sakafu, hilo nimejifunzia Phoenix, Arizona, na nimelilipia.

Tuliponunua nyumba tuling'oa zulia tukaweka mbao za mwaloni. Ilikuwa Agosti, wakati wa mvua za jangwani. Fundi alishusha maboksi asubuhi, akaanza kupigilia saa hiyohiyo. Juni iliyofuata, kati ya ubao na ubao kulikuwa na mianya ya kupitisha sarafu. Mama alikuja kututembelea mwezi huo. Siku ya pili midomo yake ilikuwa imepasuka, anajipaka mafuta ya nazi kutwa. Akaitazama sakafu, akasema, "Mwanangu, hii nayo ina magaga." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Mbao hunywa na kutema unyevu kufuata hewa inayoizunguka, na ikikauka hujibana kwenye upana, urefu haubadiliki sana. Dar unyevu wa hewa asubuhi mara nyingi hupita asilimia 80. Phoenix, alasiri ya Juni, unaweza kushuka chini ya 10. Ubao wa mwaloni wenye upana wa sentimita 12, unyevu wake ukishuka kutoka asilimia 9 hadi 5, hupungua karibu milimita 2. Sebule nzima ina mbao ngapi?

Kesho yake nikamkuta Mama na ndoo na tambara, anataka kudeki. Kwetu kudeki ndiyo heshima ya nyumba, na kumzuia mzazi kazi hiyo si jambo dogo. Nikamweleza taratibu kwamba maji ya ndoo yanaingia kwenye mianya, yanavimbisha kingo, na ubao unapinda. Sakafu hii inataka unyevu wa hewani.

Ndicho tulichofanya. Tuliweka mashine ya kuongeza unyevu na kipimo kidogo ukutani, tukalenga asilimia 35 na kubaki hapohapo mwaka mzima. Kutopanda na kushuka ni muhimu kuliko namba yenyewe: jirani yangu anabadilishana kiyoyozi na ile mashine ya kupooza kwa maji, na mbao zake zinavimba na kunywea kila wiki. Mapazia tunafunga mchana. Mianya hatukuiziba, kwa sababu mvua zikija mbao hutanuka, na kilichojazwa humo husukumwa juu au huzibana mbao. Vanishi inapunguza kasi tu, haizuii. Na anayeanza upya jangwani, namshauri achukue mbao za tabaka zilizogundishwa kwa kupishana. Hizo hazitembei sana.

Lakini kubwa kuliko yote lilipaswa kufanyika kabla ya msumari wa kwanza. Maboksi yalitakiwa kufunguliwa, mbao zikae ndani ya nyumba siku kadhaa, hata wiki, hewa ikiwa ileile tutakayoishi nayo, kisha zipimwe unyevu. Mafundi makini wa huku hawapigilii bila kupima. Nimewaonea wivu kwa hilo, kwa sababu Dar tunanunua kitanda ambacho mbao zake zilikuwa gogo juzi, kikilegea tunamlaumu fundi, wakati sisi ndio tuliomharakisha tukitaka mzigo Jumamosi.

Mengine ya nyumbani siyabadilishi. Kule dirisha liko wazi, upepo wa bahari unapita, na hakuna anayelipia bili ya maji na umeme ili meza isipasuke. Sakafu ya saruji nyekundu ya bibi haikuhitaji kipimo ukutani. Na tuna mninga, mti unaonywea kidogo sana unapokauka, ambao watu wa huku wangeutafuta kwa tochi kama wangeujua.

Mwakani nataka kuagiza meza ya mninga Keko. Nimeshaongea na fundi, mzee aliyemtengenezea baba kabati letu. Nimemwomba apange mbao kivulini, zitenganishwe kwa vijiti hewa ipite, na zikikauka azipeleke kwenye tanuru la kukaushia, maana hewa ya Dar peke yake haiwezi kuzifikisha kwenye ukavu wa huku. Akauliza nataka lini. Nikamwambia, "Mzee wangu, zikiwa tayari." Alinyamaza kidogo, kisha akasema ni miaka mingi hajapata mteja wa kumwambia hivyo.