Kompyuta ya sebuleni Kigoma: mazabodi ndogo inaonewa

Muulize fundi yeyote pale Mwanga, hapa Kigoma, akushauri kompyuta ya kuunganisha kwenye TV, ya kuchezea muvi na kufungulia YouTube sebuleni. Hujamaliza swali ameshajibu: chukua Dell au HP ya mtumba iliyotoka ofisini, yenye prosesa ya Intel i5. Ukitaja mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ndogo za sasa zinazokuja na prosesa yake kabisa, za aina ya Intel N100, atakwambia, "Kaka, hiyo ni Celeron iliyobadilishwa jina, utajuta." Celeron ni zile prosesa za Intel za bei ya chini. Ushauri huo una hoja zake na nitazieleza. Ila sehemu kubwa yake inatokana na hesabu za miaka kumi iliyopita, na anayeumia ni mtu wa kawaida anayenunua LUKU ya elfu mbili mbili na bando la wiki.

Kuna mtego mmoja wa kuondoa kwanza. Bado tunasema "mazabodi yenye grafiki ndani", lakini tangu 2010 Intel walianza kuhamishia grafiki kwenye prosesa, na leo ndivyo zilivyo karibu zote. Tundu la HDMI nyuma ya mazabodi ni njia ya kupitishia picha tu. Ukinunua mazabodi nzuri yenye HDMI ukaipachika Core i3-12100F, au Ryzen 5 5600 isiyo na herufi G mwishoni, TV itabaki nyeusi mpaka uongeze kadi ya grafiki. Watu wameshapoteza hela hapo. Kwa hiyo unapochagua mazabodi ya sebuleni, unachochagua hasa ni prosesa na kile inachoweza kukifungua.

Sasa hoja za mtumba. Ya kwanza ni bei, na haina ubishi. Fedha ya kununulia mazabodi mpya ya N100 peke yake, kabla ya RAM, diski na kasha, mara nyingi inatosha kupata kompyuta nzima ya ofisini, na kibodi na mausi ukaongezewa. Tangu bei ya RAM ilipopanda mwishoni mwa 2025, pengo hilo limezidi, maana mtumba unakuja na RAM yake. Ya pili ni spea. Kompyuta hizi zimejaa nchini. RAM ikifa fundi anachomoa kwenye mashine nyingine iliyokufa, na prosesa ikichoka inabadilishwa. N100 imegandishwa kwenye mazabodi. Ikiungua, umepoteza vyote viwili, na huwezi kuiboresha hata siku moja. Ya tatu ni umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200. Waranti ya duka la Kariakoo kwa mtu wa Gungu au Ujiji inabaki kuwa karatasi: kutuma mzigo, kusubiri na kurudishiwa ni gharama na wiki kadhaa bila mashine.

Hizi ni hoja za watu wazima. Mtu mwenye bajeti ndogo sana, ambaye muvi zake ni zile anazorushiwa kwenye flashi, faili za 720p zilizobanwa kwa H.264, mbinu ya zamani ya kubana video, hana haja ya kuendelea kusoma. i5 ya kizazi cha nne ya 2013 itamchezea hizo bila kutoa jasho.

Tatizo ni kwamba faili zenyewe zinabadilika. Wanaobana muvi ziwe ndogo wamehamia HEVC, mbinu mpya zaidi, na mara nyingi ya biti 10, kwa sababu muvi ya gigabaiti mbili inashuka hadi chini ya moja na picha inabaki safi. YouTube nayo, ambayo ndiyo TV halisi ya nyumba nyingi sasa, inatuma VP9 na zaidi na zaidi AV1, kodeki (yaani mbinu ya kubana na kufungua video) iliyokamilishwa mwaka 2018 na kampuni zikiwemo Google, Netflix na Mozilla, kwa lengo la kupunguza data kwa asilimia 30 hivi kuliko VP9. Kodeki hizi ni nzito. Prosesa ikiwa na sehemu maalumu ya kuzifungua, kazi inakuwa nyepesi kabisa. Isipokuwa nayo, viini vyote vya prosesa vinabebeshwa mzigo wa hesabu, feni inaanza kupiga kelele, na picha inakatakata pale mpira unapopigwa golini.

Hapo ndipo neno "i5" linapodanganya. i5 ya kizazi cha nne inafungua H.264 vizuri, basi. Kizazi cha sita kinafungua HEVC ya biti 8. HEVC ya biti 10 na VP9 ya kisasa zilikuja na kizazi cha saba, mwaka 2017. AV1 ilisubiri hadi kizazi cha 11. Upande wa AMD, hata Ryzen 5 5600G ya 2021, prosesa nzuri inayosifiwa sana kwa grafiki zake, haina AV1. N100 iliyotoka 2023 inazo zote: H.264, HEVC ya biti 10, VP9 na AV1.

Na je, ni Celeron iliyobadilishwa jina? Kwa ngazi ya bei, ndiyo. Intel waliacha majina ya Pentium na Celeron, na hii ndiyo iliyokaa mahali pake. Kwa uwezo, hapana. Viini vyake vinne vikifanya kazi pamoja vinakaribiana na i5-6500 ya 2015, ile ile ambayo fundi anaisifia. Mtu aliyeteswa na laptop za Celeron za zamani ana haki ya kuogopa, lakini anaogopa chipu nyingine.

Jambo hili ni rahisi kulipima mwenyewe kabla hujatoa hela. Mwambie muuzaji afungue YouTube kwenye kivinjari, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya video, chagua mstari wa mwisho wa takwimu (Stats for nerds). Kitatokea kisanduku cheusi chenye maandishi madogo. Tafuta mstari wa kodeki: av01 ni AV1, vp09 ni VP9, avc1 ni H.264. Juu yake kidogo kuna idadi ya fremu zilizodondoshwa (dropped), yaani picha zilizorukwa. Iache video ya 1080p ikimbie dakika mbili, halafu tazama namba hiyo kama inapanda, na uweke mkono nyuma ya mashine usikie hewa inayotoka. Hilo jaribio linakwambia zaidi ya stika yoyote iliyobandikwa kwenye kasha.

Umeme ndio hasa ulionifanya niandike. Kigoma tumeishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, tunajua thamani ya uniti. i5-4570 imepangiwa wati 84 za joto, i5-6500 wati 65, N100 wati 6. Namba hizo ni za chipu peke yake ikiwa kazini, kwa hiyo tusizichukue kama zilivyo. Tuchukue kinachotoka ukutani: tuseme mashine ya N100 inacheza video kwa wati 15, na ya mtumba kwa wati 45. Tofauti ni wati 30.

Familia inayotazama saa tano kwa siku, tofauti hiyo ni uniti 4.5 kwa mwezi. Aliye daraja la T1, la matumizi ya kawaida, ambaye elfu moja inampa uniti 2.8, anaokoa kama shilingi 1,600. Aliye D1, daraja la nafuu la watumiaji wadogo, wanaoliita tarifu namba nne, mwenye uniti 8.2 kwa elfu moja, anaokoa shilingi 550. Niwe mkweli: kwa matumizi hayo, umeme peke yake hautarudisha bei ya mazabodi mpya mpaka miaka ipite mingi.

Lakini kompyuta ya sebuleni haizimwi. Ndivyo inavyokuwa kila mahali. Usiku inapakua vitu kwa bando la usiku, mchana watoto wanavuta katuni kutoka kwenye diski yake kwa simu kupitia Jellyfin, programu ya kurusha muvi ndani ya nyumba, na baba anaikuta inawaka asubuhi. Ikikaa hivyo saa 24, wati 30 zinakuwa uniti 21.6 kwa mwezi. Kwa T1 hizo ni kama shilingi 7,700. Kwa D1 hali ni mbaya kuliko inavyoonekana, kwa sababu nafuu ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi inaishia kwenye uniti 75 kwa mwezi. Uniti 21.6 ni zaidi ya robo ya hizo 75, zimeliwa na tofauti tu kati ya mashine mbili, kabla hujawasha friji, pasi wala taa. Ukivuka 75, uniti inayofuata inauzwa 350 kabla ya kodi, yaani 427 na kodi zake, badala ya 122. Ukizoea kuvuka unahamishiwa T1, na kurudi si kazi ndogo. Nyumba yenye friji dogo, ambalo kwa kawaida linakula uniti moja kwa siku, imeshakula kama 30 za hizo 75 tayari. Kompyuta iliyopatikana kwa bei ya kutupa ndiyo inaweza kuivusha, na lawama zikaenda kwa mita.

Halafu kuna kukatika. Wenye betri ya 12V ya Ah 100 na sola ya paa wanaijua hesabu: betri ya maji hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo una kama Wh 600 (wati-saa) za kutumia. TV ya inchi 32 ya wati 35 pamoja na N100 ni wati 50, saa 12 kwenye karatasi, kumi hivi ukitoa kinachopotea kwenye inveta. TV hiyo hiyo na mashine ya mtumba ni wati 80, saa saba na nusu kwenye karatasi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mechi ya usiku ya Ulaya itaisha mkiwa mnaitazama.

Hata hoja ya spea, inayodhaniwa kuwa ushindi wa mtumba, ina upande wake wa pili. Kinachokufa mara nyingi zaidi kwenye umeme unaopanda na kushuka ni pawa saplai. Kompyuta nyingi ndogo za ofisini za Dell na HP zina pawa saplai ya umbo lake yenyewe na plagi zake zenyewe. Ya kawaida haiingii. Sasa chukua mazabodi kama ASRock N100DC-ITX. Ina ukubwa wa mini-ITX, sentimita 17 kwa 17, haina feni, na inakula chaja ya laptop ya 19V kupitia tundu la duara. Chaja ikiungua unatembea hadi sokoni unanunua nyingine, unarudi nyumbani kuendelea na muvi. Ukichagua aina nyingine, kama ASUS Prime N100I-D D4, jua kwamba inadai ATX, yaani pawa saplai ya kawaida ya kompyuta ya mezani, na faida hii unaipoteza. Maelezo ya duka huwa hayasemi, kwa hiyo tazama picha ya nyuma ya mazabodi.

Mazabodi ndogo ina kasoro zake. Ina nafasi moja ya RAM, na Intel wanaitaja hadi GB 16. ASRock niliyoitaja ina matundu mawili tu ya SATA, ya kuunganishia diski, kwa hiyo mwenye diski nyingi za muvi atabanwa. Kutokuwa na feni ni raha, kwani vumbi la kiangazi halivutwi ndani, lakini ukiifungia kwenye kabati la TV lililozibwa nyuma kwa plaiwudi, kwa joto la Kigoma, itapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Toboa kabati au iweke juu. Rimoti ya TV nayo haitaiongoza kompyuta, kwa sababu mazabodi za kompyuta kwa kawaida hazina CEC, njia ya kupitisha amri za rimoti kwenye waya wa HDMI. Tenga hela ya kibodi ndogo isiyo na waya. Sauti haina shida: kuna HDMI, na kuna tundu la waya wa kawaida wa sabufa.

Mtumba nao una lake la kutazama kabla hujalipa. Dell OptiPlex 7020 ya kizazi cha nne, kwa mfano, nyuma ina DisplayPort mbili na VGA, HDMI haipo. Utanunua adapta, na ikiwa ni ile ya kawaida ya bei nafuu, picha ya 4K haitazidi fremu 30 kwa sekunde.

Kwa maoni yangu, mtu mwenye TV ya kawaida, faili za zamani na tabia ya kuzima mashine akimaliza, achukue mtumba, ila bajeti ikimruhusu asishuke chini ya kizazi cha saba. Anayetegemea YouTube, anayeacha mashine iwake, aliye D1 au kwenye sola, N100 ndiyo mashine yake, hata ikimbidi kusubiri mwezi mmoja zaidi akusanye hela. Na kama mzigo unatoka Dar, omba muuzaji aiwashe na RAM yako ndani, akupigie video ukiona picha inatoka kwenye HDMI, kabla hajaifunga na kuipeleka kwenye basi.