Mwathiriwa Asikizwe Kabla ya Dhamana

Mtu anakwenda sokoni kununua sukuma, anakutana uso kwa uso na aliyemkata panga wiki iliyopita. Alidhani yuko rumande. Kumbe dhamana ilitolewa jana, na hakuna aliyemwuliza neno. Jambo hili hutokea katika mahakama zetu za Kenya na linaniudhi mno.

Jalada limeandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Aliyeumizwa ni shahidi nambari moja tu, na shahidi hukaa nje hadi aitwe.

Sheria ipo. Katiba, kifungu cha 50(9), iliiagiza; Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ikapitishwa 2014. Septemba 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya mauaji iliyotoka Bungoma, ikasema mwathiriwa anaweza kushiriki kesi ikiendelea, hata kupitia wakili, mradi asigeuke kiongozi wa mashtaka wa pili. Mpaka huo naukubali shingo upande: mshtakiwa naye ana haki zake.

Lakini bado tumezoea kumwuliza mwathiriwa maoni yake baada ya mshtakiwa kupatikana na hatia. Wakati huo mazito yamekwisha kuamuliwa. Chukua maafikiano ya kukiri kosa, ambapo mshtakiwa anakiri ili apunguziwe shtaka. Kifungu cha 137D cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamtaka kiongozi wa mashtaka ampe mwathiriwa nafasi ya kutoa maoni, isipokuwa hali hairuhusu. Hapo kwenye "hali hairuhusu" ndipo watu hupotelea: simu iliyo kwenye faili haipatikani, mpelelezi kahamishwa, mwathiriwa kahamia kwa dada yake. Shtaka la kujeruhi vibaya, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, linashushwa hadi shambulio ambalo kifungo chake hakizidi miaka 5. Asubuhi moja tu, yamekwisha.

Kwa hiyo usingoje kuitwa. Mpelekee mpelelezi nambari yako ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), akupe nambari ya kesi na siku ya kusomwa mashtaka. Kabla ya siku hiyo, peleka barua ya ukurasa mmoja kuhusu dhamana kwa kiongozi wa mashtaka, nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Weka simu yako na ya jamaa mmoja. "Naogopa" peke yake haimsaidii hakimu. Andika tishio lilitolewa siku gani, kwa maneno gani, nyumba zenu zimeachana hatua ngapi, na masharti unayotaka: asikanyage kwako, asikupigie, asiwatume watu.

Hukumu ikifika, maelezo yako ya athari, yaani jinsi kosa lilivyokuumiza, yataje majeraha, siku za kazi zilizopotea na risiti za hospitali. Usiingize tuhuma mpya, upande wa pili utazipinga. Afisa wa probesheni, anayeiandikia mahakama ripoti kuhusu mshtakiwa, akikutafuta, mwone. Usipomwona, ripoti yake itajaa maneno ya familia ya mshtakiwa.

Nanyi mahakimu, nawasihi, kabla ya kutoa dhamana ulizeni: mwathiriwa amearifiwa lini, na nani? Jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kesi, pamoja na jina la afisa aliyempigia.