Grupu moja au matano? Hoja inayorudi kila msimu wa korosho

Mnada wa korosho ukianza Oktoba, simu ya karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), awe Tandahimba au Ruangwa, haitulii. Chukulia grupu la WhatsApp la programu ya kupokelea mazao, lenye makarani na waliotengeneza programu yenyewe. Humo mna printa ya stakabadhi iliyogoma, toleo jipya, ubishi kuhusu hifadhidata, bei ya mnada wa jana na salamu za Ijumaa. Ndipo mtu anaposema: tugawane. Makarani wawe na lao, madevelopa lao, wanaoanza lao, Mtwara lao na Lindi lao.

Wanaotaka kugawa wasidharauliwe. Picha hujipakua zenyewe kama mipangilio haijaguswa, na bando ni la karani, si la chama. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba kelele hufukia jambo la haraka. Tangazo la saa 2 asubuhi, "msisasishe, toleo jipya linakosea kilo", likifika saa 5 limeshalaliwa na jumbe mia. Kituo kimoja kinasasisha, kinapokea magunia mchana kutwa, kisha kila stakabadhi inabidi ifutwe na kuandikwa upya huku wakulima wamesimama mlangoni. Madevelopa nao wana kilio chao: suala la msimbo linataka siku mbili tatu za kulitafakari, na haliwezekani likikatizwa kila dakika na "jamani printa".

Tena wana mifano mikubwa. Debian, mfumo huria wa kompyuta, imetenga orodha ya barua pepe ya watumiaji, ya watengenezaji na ya matangazo ya usalama. Kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ina orodha kwa sehemu zake nyingi. Ila mfano wa Linux huigwa nusu tu. Kule kuna faili liitwalo MAINTAINERS linaloonyesha kila sehemu inasimamiwa na nani, na programu ndogo inayomwambia mtuma kiraka (marekebisho ya msimbo) apeleke kwa nani na kwenye orodha ipi. Mara nyingi nakala huenda pia kwenye orodha kuu. Mgeni hahitaji kukisia chumba, na kila chumba kina mwenyewe.

Huku kwetu wenyewe ni wachache. Wanaojibu wakiwa wanne, magrupu yakifika matano, ni walewale wanne watakaohama chumba hadi chumba. Mmoja akichoka akaondoka, grupu moja limekufa. La wanaoanza ndilo baya kuliko yote, maana wote humo ni waulizaji. Na kwenye WhatsApp anayejiunga leo kwa kawaida hana majibu ya jana, kwa hiyo kila grupu jipya huanza tupu na maswali yaleyale.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Mzani unatuma 62.5; kompyuta ya kituo imewekewa mpangilio wa eneo unaotumia koma badala ya nukta; programu inasoma 625. Makarani wakiwa peke yao watafundishana dawa ya mkono, "futa, andika mwenyewe", na msimu utaisha hivyo. Developa akiwa chumba kimoja nao ataona swali hilo likitoka vituo vitatu na kujua kuwa hili si uzembe wa karani, ni bagi, yaani kosa la programu, na linatibika kwa kuilazimisha programu isome nukta bila kujali mpangilio wa kompyuta. Kuwatenga wanaotumia na wanaotengeneza ndiko kunakogharimu zaidi, ingawa ndiko kunakopendwa na wengi.

Kugawa kwa mkoa hakuna hata haja ya ubishi. Ratiba ya mnada wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha upande wa Mtwara, si ya RUNALI ya upande wa Lindi, kweli, lakini hilo si suala la programu.

Kwa maoni yetu vipo vyumba viwili visivyo na mjadala. Cha kwanza ni cha matangazo, wanaandika admini tu. Jumuiya za WhatsApp, zilizoanza 2022, zinakuja na chumba hicho tayari. Cha pili ni cha faragha, cha watu wawili au watatu, cha kupokea taarifa za udhaifu wa kiusalama na skrinishoti zenye majina na namba za akaunti za wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 1, 2023, na grupu la watu mia nne si mahali pa picha hizo.

Chumba cha tatu kingoje hesabu. Kwa wiki mbili, andika kila swali na kama limejibiwa ndani ya saa 24. Yaliyokosa jibu kwa sababu yalifukiwa yanaunga mkono kugawa. Yaliyokosa jibu kwa sababu hakuna anayejua, kugawa kutayazidishia upweke. Mada moja ikichukua theluthi ya jumbe, na watu watatu wakakubali kupangiwa zamu za kujibu, fungua. Fanya hivyo Juni au Julai, wakati watu wako kwenye kupulizia mikorosho, si mnada ukiwa umeanza. Hamisha majibu muhimu kwenye waraka mmoja kwanza, bandika tangazo la kuhama kwa siku 30, na mtaje admini mwenye ruhusa ya kukifunga chumba hicho kikipita mwezi mzima bila swali lililojibiwa.