Nyigu wa Mikaratusi: Tunyunyize Dawa au Tumwachilie Adui Wake?

Wanaopinga kuingiza nyigu vimelea, yaani nyigu ambao mabuu yao hula wadudu wengine, ili kumdhibiti nyigu wa vinundu vya mikaratusi, Leptocybe invasa, wana hoja nzito: mdudu akishaachiliwa harudishwi tena. Mwaka 1935 Australia ilileta chura kutoka Hawaii ili wawale wadudu wa mashamba ya miwa, na hadi leo chura hao wanaangamiza wanyama wa huko. Kwa nini basi tusinyunyize dawa tu?

Kwa sababu mdudu mwenyewe amejificha. Jike, mwenye urefu wa milimita moja na ushei, hutoboa mshipa wa kati wa jani changa au kikonyo chake na kutaga humo, mara nyingi bila kupandwa na dume. Jani huvimba likamfunika buu. Kinundu huwa cha kijani, kikageuka waridi, kisha chekundu, na mwishowe kahawia chenye kitundu cha duara alikotokea nyigu mpya. Vipimo vilivyofanywa Israeli, mojawapo ya nchi alikoonekana mwanzo mwaka 2000, vilionyesha kwamba safari hiyo huchukua takriban miezi minne na nusu, na karibu muda wote huo dawa inayobaki juu ya jani haimgusi. Kitaluni, ambako miche imekusanyika, dawa inayofyonzwa na mizizi inaweza kusaidia. Katika msitu mzima haiwezekani, tena huua hata wadudu wenye faida.

Nyigu kimelea Selitrichodes neseri, aliyetolewa Australia na kuachiliwa Afrika Kusini mwaka 2012, humfuata buu humo humo ndani ya kinundu, na kizazi chake hukamilika kwa siku 19 hivi. Tofauti hii haijapewa uzito unaostahili: wakati nyigu wa mikaratusi anakuza kizazi kimoja, kimelea huyu, kwa hesabu tupu, anaweza kukuza vizazi sita au saba. Hesabu hiyo si ahadi, kwani anahitaji vinundu vilivyofikia umri unaomfaa, na bila chakula chenye sukari, kama nekta, maisha yake huwa mafupi. Hata hivyo, hakuna mnyunyizaji awezaye kurudi kwenye kila jani kwa kasi ya namna hiyo.

Tena huyu si chura. Chura hula karibu chochote kinachoingia kinywani, ilhali nyigu huyu alijaribiwa kwanza kwa wadudu wengine wanaotengeneza vinundu, na hakuwashambulia. Ni kweli kwamba majaribio hayo hayakuhusisha wadudu wa kila nchi. Kwa hiyo Kenya na Uganda, ambako nyigu wa mikaratusi amekuwapo tangu 2002, zina haki ya kudai majaribio kwa wadudu wao wenyewe kabla ya kumwachilia popote. Kuyadai majaribio ni busara, lakini kuyageuza kisingizio cha kutofanya lolote ni kumwachia mkulima hasara. Aina za mikaratusi zinazostahimili zipo, nazo zichaguliwe katika upanzi mpya, ila hazimfai mwenye shamba la miti ya miaka mitatu iliyokwishashambuliwa.