Mwembamba wa asili na mstari wa 18.5

Mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.72 na uzito wa kilo 54 akipanda mizani leo katika kituo cha afya, awe Mbeya, Makambako au Iringa mjini, ataandikiwa "uzito pungufu". Kinachotumika ni BMI, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hesabu yenyewe ni nyepesi: 1.72 mara 1.72 ni 2.958, na 54 ukiigawa kwa 2.958 unapata 18.3. Chati inadai angalau 18.5. Ili avuke mstari anatakiwa awe na kilo 54.7, kwa hiyo amepungukiwa na gramu 700, ambazo hazifikii uzito wa jozi ya gambuti alizovua mlangoni.

Msimamo wangu ni huu: kama mtu huyo amekuwa na umbo hilo tangu alipomaliza kukua, anakula akashiba, analima, anapanda milima bila kuhema na hana dalili yoyote, basi maandishi hayo hayatoshi kumfanya mgonjwa. Kuyafanya yatoshe kunatuumiza mara mbili. Mwembamba mwenye afya anasumbuliwa, na mgonjwa ambaye bado ana mwili anapita mbele ya macho yetu bila kuulizwa swali.

Kipimo hiki, BMI, kilianzia kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji mtaalamu wa hisabati na nyota, katika miaka ya 1830. Alikuwa akitafuta umbo la "mtu wa wastani" katika jamii nzima. Hakuwa daktari wala hakukusudia kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972 kupitia Mmarekani Ancel Keys na wenzake, waliotumia vipimo vya wanaume peke yao kutafuta njia rahisi ya kukadiria unene. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaweka mistari tunayoitumia: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, chini ya 17 ni upungufu wa kati, chini ya 16 ni mkali. Ngazi hizo zina uzito tofauti kabisa. Mtu wa 18.2 na mtu wa 15.8 hawafanani hata kidogo, ila kwenye daftari wote wanaangukia safu moja.

Kabla hata ya kubishana na mstari, tuangalie namba inavyopatikana, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi yanapotokea. Urefu unazidishwa kwa wenyewe, hivyo kosa dogo la urefu linavimba. Yule wa kilo 54 akipimwa amevaa viatu asomeke 1.74, BMI yake inashuka hadi 17.8. Akipimwa amepinda magoti kidogo asomeke 1.70, inapanda hadi 18.7 na anakuwa "kawaida". Sentimita mbili juu, sentimita mbili chini, na hakuna kilichobadilika mwilini.

Kupima urefu sawasawa: vua viatu, ondoa kilemba, na kama nywele zimesukwa juu, zishushe au zibonyezwe na kibao. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta. Macho yatazame mbele, yasitazame dari. Kibao kishushwe kikiwa bapa juu ya kichwa, na anayepima asome akiwa usawa wa alama, si kutoka chini. Rudia mara mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita, pima ya tatu.

Uzito nao una mambo yake, hasa kwetu Nyanda za Juu Kusini. Juni na Julai watu wa Njombe, Mufindi na Mbeya wanafika kliniki wamevaa sweta mbili, kabuti na buti, na baridi inawafanya wote wawili, mpimaji na mpimwaji, waone aibu ya kuvua. Mavazi hayo yanafika kilo mbili kwa urahisi. Mwezi Novemba mtu yuleyule anakuja na shati jepesi, na kadi inaonyesha "amepungua kilo mbili". Pima asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi zilezile kila mara. Mizani ya springi iwekwe kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Juu ya zulia au udongo inadanganya. Kuijaribu ni rahisi: weka juu yake mfuko wa unga wa kilo 25 ambao haujafunguliwa. Ikisoma 23, sasa unajua. Zile mizani za barabarani, kama za pale Mwanjelwa, Mbeya, zinabebwa kutwa nzima na kutuliwa popote. Zitumie kwa kujifurahisha, usibadilishe maisha yako kwa ajili yake.

Halafu kuna umbo. Miguu ni myepesi kuliko kiwiliwili kwa kila sentimita ya urefu, kwa hiyo mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi hupata BMI ya chini hata akiwa na nyama na mafuta ya kutosha. Wafugaji walioingia bonde la Usangu na mifugo yao wana wengi wa umbo hilo. Kuwapima kwa mstari mmoja na mtu mfupi aliyejaa kifua ni kupima vitu viwili kwa kopo moja.

Na wembamba unarithiwa. Mwaka 2019 kundi la Chuo Kikuu cha Cambridge chini ya Profesa Sadaf Farooqi lilichapisha utafiti juu ya watu 1,622 wembamba wenye afya njema, na karibu robo tatu yao walikuwa na ndugu wembamba wenye afya pia. Ndiyo maana swali la kwanza la mhudumu lingepaswa kuwa: baba na mama zako wakoje? La pili: ulikuwa na kilo ngapi miaka mitano iliyopita? Suruali ya wakati ule bado inakukaa? Kwa mwanamke: hedhi inakuja kwa wakati wake? Mwanamke mwembamba wa asili kwa kawaida anaendelea na mzunguko wake. Hedhi ikikatika kwa sababu ya kukosa chakula, huo ni mwili unaojinyima.

Jambo linalopaswa kutushtua ni mabadiliko. Mtu mzima akipoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, anahitaji uchunguzi, awe mnene au mwembamba. Kwa mwenye kilo 54 hiyo ni kilo 2.7. Sasa mchukue mama wa mita 1.60 aliyekuwa na kilo 68, na baada ya miezi minne ana 60. BMI yake imetoka 26.6 hadi 23.4. Chati inasema yuko vizuri kuliko mwanzo, mashoga zake wanamsifu amependeza, na kumbe amepoteza karibu asilimia 12 ya mwili wake. Huyo ndiye wa kupelekwa kupima makohozi, sukari na VVU wiki hiyohiyo, na ndiye tunayempigia makofi.

Kuna neno la kusema hapa ambalo wengi wanalizunguka. Kwa utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Karibu kila ukoo umezika. Kwa hiyo mtu akisalimiwa "Kamwene" na hapohapo akaongezewa "mbona umeisha hivyo, mdogo wangu?", kila aliyesimama pale ameelewa kinachoulizwa. Swali hilo linafukuza wachumba na wateja wa genge. Isitoshe halina maana tena kitabibu: anayetumia dawa za kufubaza virusi vizuri ana mwili kama wa mtu mwingine yeyote, na aliyeambukizwa mwezi uliopita huenda akawa mnene kuliko wewe. Macho hayapimi VVU. Kipimo kipo, ni cha dakika chache, na katika vituo vya umma ni bure.

Upande wa pili wa upofu huu ni udumavu. Utafiti wa afya ya jamii wa 2022 ulionyesha kuwa watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 57 Iringa, na takriban 50 Njombe na Rukwa, huku taifa zima likiwa na 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi. Mtoto anashiba ugali na uji mweupe, lakini maharage, maziwa, dagaa na mboga havimfikii vya kutosha, mama yuko shambani kutwa, na kuhara kunarudi kila mara. Akikua hadi mita 1.48 na kilo 44, BMI yake ni 20.1, na chati inaridhika kabisa. Mwili ulionyimwa tangu tumboni unaitwa kawaida. Mwili mrefu uliolelewa vizuri unaitwa pungufu. Nikiona juhudi zinapelekwa kwa huyu wa pili, nasikitika kweli.

Wazazi wa wanafunzi nao wasikilize. Mstari wa 18.5 haumhusu aliye chini ya miaka 19. Kwa binti au kijana wa miaka 15, mpaka wa wembamba wa kutia wasiwasi kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007 uko takriban 16. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye BMI ya 17 hana tatizo kwa kipimo hicho, na kumtangazia mbele ya darasa kuwa ana upungufu ni kumjeruhi bila sababu.

Majeraha hayo ndiyo yanayopeleka watu kwenye vidonge vya kunenepa. Vingi vinavyouzwa kwa kuhesabiwa mkononi ni deksamethasoni au siproheptadini, au vyote viwili pamoja. Deksamethasoni inajaza maji na mafuta usoni na tumboni huku mikono na mapaja yakipoteza nyama. Inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na inashusha kinga kiasi cha kuamsha TB iliyokuwa imelala. Ukiitumia wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni yake ya asili. Ukikatisha ghafla, presha inaporomoka, unatapika, unaweza kufa. Aliyekwisha kuzoea asiache mwenyewe, aende kwa daktari apunguziwe dozi taratibu. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na kuleta usingizi. Dereva wa bodaboda anayeshuka Mlima Nyoka ameimeza, ni hatari yake na ya abiria.

Anayetaka kuongeza kilo kwa hiari yake, chakula cha huku kinatosha. Lengo ni kalori 300 hadi 500 zaidi kwa siku. Glasi ya maziwa yasiyotolewa mafuta, mililita 250, ni kama 150. Nusu ya parachichi kubwa la Rungwe ni kama 160. Konzi ya karanga, gramu 30, ni kama 170. Kijiko cha mezani cha mafuta ya alizeti juu ya maharage ni 120. Vigawe kati ya milo, kwa sababu tumbo la mwembamba wa asili linajaa mapema na sahani moja kubwa ya ugali haimsaidii. Aongeze kazi ya kujenga misuli, kama pushapu na kuchuchumaa na mzigo, mara tatu kwa wiki. Ajue pia kwamba wengi wa umbo hili wakipanda kilo mbili, huzirudisha wakiacha. Ulanzi, pombe ya mianzi, usihesabiwe kuwa chakula. Unashibisha na kufukuza mlo.

Zipo sehemu ambazo mizani ina haki yake. Mchangia damu hutakiwa kuwa na kilo 50 kwa sababu chupa ni ileile kwa wote, na mwenye mwili mdogo ana damu kidogo. BMI chini ya 17, au homa za jioni, kutokwa jasho usiku, kikohozi, kuhara kusikokoma, moyo kwenda mbio, kiu na kukojoa sana, hivyo havisubiri mjadala wa umbo la ukoo. Ni kuchunguzwa TB, VVU, sukari, tezi ya shingo, kinyesi na wingi wa damu.

Na mjamzito aliyeanza na BMI chini ya 18.5, hata kama ni mwembamba wa kuzaliwa, alenge kuongezeka kilo 12.5 hadi 18 hadi kujifungua, wakati mwenye uzito wa kawaida hulenga 11.5 hadi 16. Awahi kliniki kabla ya wiki ya 12, ili uzito wa mwanzo uandikwe kwenye kadi ukiwa bado wa kweli. Akianza mwezi wa sita, hakuna wa kumwambia ameongezeka kiasi gani.