Kikoi Kilichobaki Juu ya Mnazi

Kabla hamjaendelea kuniuliza hali ya mnazi, nasahihisha mambo mawili katika masimulizi ya sahibu yangu Kassim, ambaye ameyaeneza kutoka Kongowea hadi Likoni hali masizi hayajanitoka kwenye kucha. Kwanza, sikulia, macho yalijaa jivu. Pili, mnazi ulikuwa mmoja, si miwili.

Habari za moto wa Mwakirunge mnazo: jirani alichoma magugu wakati kaskazi inavuma, upepo ukayabeba mengine. Shamba lililoungua ni la mama mkwe wangu, na nalitaja hilo mapema ili mwenye moyo mwepesi asiendelee kusoma. Mikorosho mitatu iliteketea hadi mizizini, na minazi 11 ikabaki imesimama, myeusi tititi, haina hata kuti moja la kuezekea banda la kuku. Haikufaa kuiacha, kwa maana mnazi uliokufa ukiozea shambani huwa nyumba ya chonga, na mdudu huyo akishakua huruka kwenda kutoboa vilele vya minazi ya watu iliyo mizima.

Fundi wa msumeno wa mashine aliitazama kwa mbali, akasema yote 11 imekufa na kila mmoja ni Sh1,500. Mzee mmoja wa jirani akapinga. Alieleza kwamba mnazi si kama mkorosho. Shina lake laweza kuungua nje lote na mti ukaishi, mradi moto haukuifikia shaha, ule moyo mweupe wa kileleni, kwa sababu mnazi hauna mahali pengine pa kuchipukia. Kwa hiyo ilibidi mtu apande akatazame.

Kassim akaanza kunisifu mbele ya watu, eti utotoni nilikuwa nikipanda minazi kama kima. Mgema akisifiwa mnajua alifanyalo. Mimi si mgema, ila nilikaza kikoi changu, nikaanza kupanda kwa vile vidato vilivyochongwa shinani na wagema wa zamani.

Nakiri kwamba nilipanda vizuri. Nilifika juu, nikashika vigutu vya makuti yaliyoungua, nikachungulia katikati, na humo nikaona ncha ya kuti changa, ya kijani kibichi, imejichomoza katika jivu kama kidole cha mtoto. Nikapiga ukelele: "Huu uko hai!" Neno "hai" lilikuwa lingali mdomoni kidato cha mguu wa kulia, ambacho nje kilionekana kizima na ndani kilikuwa mkaa mtupu, kilipomeguka.

Niliteremka kiasi cha urefu wangu, nimelikumbatia shina kwa kifua, mashavu na magoti, hadi mguu wa kushoto ukapata kidato kingine. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikahisi upepo wa baharini ukinipuliza mahali ambapo haukuwa na ruhusa ya kufika. Nikainua macho polepole: kikoi kilikuwa kimenasa kwenye kigutu, kinapepea juu yangu kama tanga la ngalawa.

Chini ya kikoi, wapendwa, nilikuwa nimevaa bukta ya michezo ya mwanangu, kwa kuwa zangu zote zilikuwa kwenye kamba. Mtoto yuko kidato cha pili. Ilinibana kama ganda la ndizi, na nyuma ilichapishwa kaulimbiu ya shule yake, "Juu Zaidi", ambayo Kassim aliisoma kwa sauti, tena mara mbili. (Wewe unayecheka ukiwa ndani ya matatu, angalau inamisha kichwa.)

Basi nikasikia mlio wa birika likiwekwa chini. Mama mkwe alikuwa amewasili na chai na mahamri. Sikuthubutu kugeuka. Kikoi sikukifikia, kwa kuwa kidato cha kupandia hakikuwapo tena, na kushuka kulimaanisha kurudi nyumanyuma, kidato kimoja baada ya kingine, huku "Juu Zaidi" ikimkaribia mzee wa watu. Niling'ang'ania pale hadi mapaja yakatetemeka. Mama akajifunika uso kwa kanga, akaigeukia mikorosho iliyoungua, akaiambia kwa upole: "Mwambieni baba ashuke taratibu, chai haitapoa."

Nilishuka. Nikafungwa gunia, nikanywa chai nikiwa nimesimama nyuma ya banda, fundi akakata minazi kumi na kuacha mmoja, nikarudi mjini.

Jana mke wangu aliniletea salamu kutoka kwa mama yake. Anashukuru sana kwa mnazi uliookolewa, na anauliza ni lini nitakwenda kukiteremsha kikoi, kwa maana kunguru wameanza kukichambua nyuzi za kujengea viota.