Nzohe ndiye mwenyeji wa Rubondo

Mwandishi wa makala kuhusu Rubondo, kisiwa cha hifadhi ya taifa katika Ziwa Victoria, anasema sokwe wa huko ni wenyeji wa kisiwa kile tangu enzi na enzi. Hapana, hilo si kweli. Waliletwa kwa meli na Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama Mjerumani, kuanzia 1966 hadi 1969, wakitoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, wakaachiwa msituni wajifunze upya kutafuta matunda na kujenga viota. Wamefaulu, na nawapenda. Lakini mwenyeji hasa ni nzohe, yule swala wa majini, na makala nzima haijamtaja! Nimekulia Nkome, ng'ambo ya maji, na nimemwona mara mbili tu, alfajiri, kwenye mafunjo: kwato ndefu zilizotanuka ili asizame matopeni, manyoya yamelowa. Akishtuka hakimbilii nchi kavu, anaingia majini na kubakiza pua. Ndiyo maana mafunjo na matete ya ufukweni yakifyekwa au kuchomwa moto, yeye hana pa kwenda, hata msitu ubaki umesimama. Huku kwetu bara yalikokuwa mafunjo sasa ni mashamba. Ninyi wa Ukerewe na Sengerema, kuna aliyemwona nzohe nje ya hifadhi miaka hii?